Nyoka Amekua: Lini Abadilishiwe Mlo?

Asanteni kwa kuja, wazazi wangu, na ninyi vijana mliokuja na madaftari. Najua baadhi ya wakubwa mmekuja shingo upande. Kwetu nyoka akionekana ndani, kinachotafutwa ni fimbo. Hapa North Carolina watoto wetu wamemkuta nyoka wa mahindi akifugwa majumbani. Hana sumu, ni mpole, tena ni mwenyeji wa misitu na mashamba ya hapa hapa kusini-mashariki mwa Marekani. Naomba mnisikilize kama mngesikiliza habari za mbuzi au kuku. Huyu naye ni kiumbe tuliyemfungia, hawezi kujitafutia riziki.

Vijana huniuliza: lini nimpe panya mkubwa zaidi?

Akianguliwa ana urefu wa sentimita 20 hadi 30 na uzito wa gramu 6 hivi. Mlo wake ni kitoto cha panya cha siku moja au mbili, chekundu, kisicho na manyoya, gramu 2 tu. Anakula kila baada ya siku tano hadi saba. Kuanzia hapo msihesabu miezi. Nyoka wawili wa mayai ya mama mmoja wanaweza kupishana ukubwa kabisa wakifika nusu mwaka. Angalieni mwili wenyewe, pale katikati palipo panene kuliko pote. Unene wa panya ulingane na hapo au uzidi kidogo, lakini usivuke mara moja na nusu. Akishameza, tumbo lifanye kivimbe kinachoonekana, kisha kitulie baada ya siku moja au mbili. Kisipoonekana kabisa, mtoto ana njaa, na hapo ndipo pa kupanda ngazi.

Ngazi yenyewe ipandwe taratibu. Mimi nikiona kitoto kimoja hakitoshi, natoa viwili kwa mlo mmoja kwa majuma kadhaa, ndipo naingia kwa panya aliyeanza kuota manyoya. Huyo ana mifupa iliyokomaa zaidi na manyoya yasiyosagika, kwa hiyo baada ya mlo wa kwanza wa namna hiyo naongeza siku mbili tatu kabla ya mwingine.

Haya sikuyajua mwanzoni. Nyoka wangu wa kwanza alikuwa na gramu 28 nilipompa panya aliyekwisha fumbua macho, wa gramu 10 hivi. Alimmeza mbele yangu. Pande mbili za taya la chini hazikuungana mbele kwa mfupa, kwa hiyo kila upande ulisogea peke yake, wa kushoto, kisha wa kulia, na tundu la pumzi likachomoza chini ya windo ili asikose hewa. Nilifurahi sana. Siku ya tatu asubuhi nikamkuta yule panya juu ya karatasi, wa kijivu, ameyeyuka nusu, harufu imejaa chumba. Nikadhani mtoto ana njaa, nikampa mwingine siku hiyo hiyo. Akatapika tena, na ngozi ya ubavuni ikaanza kulegea na kukunjamana.

Tafadhali, hili lishikeni. Akitapika, asidi ya tumbo imeunguza koo lake. Mwacheni siku 10 hadi 14 bila chakula, awe na maji safi na joto, asishikwe. Kisha aanze na mlo nusu ya ule aliouzoea. Wangu alipona hivyo, ila ilichukua miezi miwili kurudi alipokuwa.

Na kabla ya kulaumu panya, pimeni joto. Upande wa moto wa tangi analofugiwa uwe nyuzi 29 hadi 31 za Selsiasi. Nyoka hana joto lake mwenyewe, na pakiwa baridi windo linaoza tumboni badala ya kusagwa. Akiwa na macho ya ukungu, yaani anakaribia kujivua gamba, ahirisheni mlo mkubwa. Akishakula, asishikwe kwa saa 48.

Windo liwe limekufa. Panya mwenye meno akipewa hai anaweza kumjeruhi nyoka vibaya. Aliyegandishwa mwekeni kwenye friji usiku kucha, kisha ndani ya mfuko kwenye maji ya moto kiasi, mpaka awe vuguvugu hadi katikati. Maikrowevu hapana. Mshikeni kwa koleo ndefu, nyoka asije akazoea kuona kidole ni chakula.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni kama panya hao wagandishwe pamoja na nyama wanayokula watoto. Hapana, mama. Panya waliogandishwa wanaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na kuganda hakuviui. Wawe na friza yao ndogo, bakuli lao, koleo lao, visioshwe kwenye sinki la vyombo, na kila aliyegusa panya, nyoka au tangi anawe kwa sabuni kabla hajashika kitu kingine.