Mnaniuliza Sana Magari ya Kizamani Uingereza: Najibu, na Siringi

Haya wadau, wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi. Leo narekodi nikiwa nimekaa kwenye ngazi, maana ndani ninayeishi naye kalala, katoka shifti ya usiku. Mkisikia mlango unabamizwa msishtuke, ni jirani.

Swali ni lile lile. Tangu niweke ile picha nimevaa koti refu na kofia, nimesimama pembeni ya Jaguar E-Type, kila nikifungua komenti nakuta: "Kaka, hizo shoo za magari ya kizamani ziko wapi, kiingilio shilingi ngapi, na unaweza kunialika?" Halafu lipo kundi la pili: "Jamaa keshasahau alikotoka." Hawa wa pili siwalaumu, ningekuwa Tanga ningeandika hivyo hivyo. Ila lile gari si langu, jamani. Mwenyewe alienda chooni, nikamwomba mkewe anipige picha. Mimi huku nabeba boksi. Na nikisema boksi sitanii, ni boksi kweli, bohari, naingia saa kumi na moja alfajiri.

Na lile koti ni mtumba. Hapo ni Goodwood, karibu na mji wa Chichester, shughuli yao inaitwa Revival, ya kila Septemba. Ule uwanja ulikuwa wa ndege za kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili. 1948 wakaanza kukimbiza magari humo, 1966 wakasimamisha mashindano, 1998 wakayafufua. Sasa kwa siku tatu kila kitu kinajifanya mwaka 1966 haujapita: magari, mabango, mpaka nguo zako wewe mtazamaji. Hawakufukuzi ukija na jinzi, lakini utajiona umeingia harusini na ndala. Nikazunguka Portsmouth nzima, mji ninaoishi, kutafuta koti. Mtumba huku ukishaandikwa kwamba ni wa enzi zile, bei inaota mbawa. Koti nililolipia paundi 45, soko la mitumba la Karume kule Dar ningelichambua chini kabisa ya rundo na muuzaji angeniongezea tai.

Kiingilio cha siku moja kinameza mshahara wangu wa siku nzima na kinabakiza njaa. Weka na treni. Weka na chakula cha ndani, ingawa mimi nilibeba wali wangu kwenye hotpoti na sioni haya kusema. Kwa hiyo ukiniuliza kama inafaa, nakujibu inategemea mfuko wako na mapenzi yako. Mimi nilienda mara moja, na sijui kama nitarudi kwa hela yangu.

Lakini tuseme ukweli, kuna kitu nilikipata pale ambacho video haiwezi kuwaletea. Nimesimama kwenye paddoki, yaani kule mafundi wanakoandaa magari, mmoja akawasha injini, moshi ukaja usoni. Nikasikia harufu ya bibi yangu. Nawaapia. Mafuta ya nyonyo! Yale aliyokuwa anatusugua nayo kifuani tukipata mafua. Nikamuuliza fundi, akacheka, akasema magari ya mbio ya zamani mengi yanatumia oili iliyotengenezwa kwa nyonyo, na hata jina Castrol limetoka huko, kwenye jina la Kiingereza la nyonyo. Nilibaki pale karibu nusu saa navuta moshi kama mgonjwa aliyewekwa kwenye nyungu. Mbio zenyewe nzuri, kuna ile ya magari ya kawaida ya nyumbani, kadogo Mini kanalifukuza dubwana la Ford Galaxie, kwenye kona kanalipata, kwenye mnyoofu linakaacha. Kuna watoto wanashindana kwa vigari vya kukanyaga, Austin J40, wamevaa suti na tai. Ile nyingine ya hapo hapo Goodwood ya majira ya joto, Festival of Speed, siiongelei sana. Magari mapya mengi mno kwa ladha yangu.

Sasa mtu ataniambia, mbona Ufaransa huendi, Le Mans Classic ndiyo baba lao. Ndugu yangu, usinitoneshe. Hiyo wanakimbiza magari ya zamani kwenye ile barabara yenyewe ya Saa 24 za Le Mans, kwa makundi, mchana mpaka usiku. Nilinunua tiketi miezi mitano kabla. Mwenye pasipoti ya Uingereza anapanda feri hapa Portsmouth, usiku mmoja, kashuka Ufaransa. Mwenye pasipoti yetu anatafuta viza ya Schengen, ile ya kuingia Ufaransa na nchi wenza wake wa Ulaya, yuro 90, na ukinyimwa hairudi. Hela siyo iliyoniuma. Iliyoniuma ni miadi. Kila siku saa sita usiku nafungua ule ukurasa, kalenda nyeupe, hakuna nafasi. Nimekusanya taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima, hati za mshahara, picha ya saizi yao. Nafasi ilipotokea, ilikuwa siku tisa baada ya mbio kwisha. Wikiendi ile nilikaa dirishani naangalia feri inatoka, naona kabisa magari ya kizamani yamepangwa foleni bandarini kupanda. Tiketi nilimuuzia mtu kwa nusu bei. Basi. Mwingine atakwambia yeye alipata ndani ya wiki mbili. Inawezekana, kila mtu na bahati yake.

Huo mwaliko mnaouomba sasa. Si roho mbaya, ila barua yangu haina uzito mnaoudhani. Anayekagua ombi lako la viza anaangalia wewe: kazi yako, hela yako imeingiaje benki, na nini kitakurudisha nyumbani. Kuna ndugu, simtaji, alikopa milioni kadhaa akaziweka kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba. Akanyimwa, ada ikaliwa, na mpaka leo anasema mimi ndiye sikuandika barua vizuri. Kwa hiyo siandiki tena. Na mimi si mwanasheria wa uhamiaji, msinishike kwa haya.

Halafu, kwani ni lazima uje huku? Safari Rally ya kizamani, East African Safari Classic, ipo tangu 2003, inakimbia Kenya na mara kadhaa imeingia mpaka Tanzania. Unasimama kando ya barabara na muwa wako, Datsun na Porsche zinakupita na vumbi lake, hulipi senti. Wazungu wanauza shamba kuja kushiriki hiyo, sisi tunaomba viza kwenda kuangalia zao zikizunguka kwenye majani.

Hapo ndipo ninapoingia kwenye maumivu yangu, na mtanivumilia. Marehemu mzee wangu alikuwa na Peugeot 404. Pijo. Kwa nini Pijo? Kwa sababu 1966 na 1967 Bert Shankland, mtu wa Dar es Salaam, alishinda Safari Rally yenyewe, ile ya asili, mara mbili mfululizo kwa 404, na mzee alikuwa kijana, akaapa lazima siku moja aipate. Aliipata imeshachoka, akaifufua. Mimi nimekua naisukuma ile gari mtaani kwetu Chumbageni, Tanga, kila asubuhi, yeye ndani anashtua gea ya pili, mimi nyuma na sare ya shule.

Sasa kuna gulio la vipuri linaitwa Autojumble, huku huku Uingereza, kule Beaulieu, nalo ni Septemba, lipo tangu 1967. Hebu fikiria Gerezani, pale wanapouza vipuri Dar, lakini kila kipuri kina miaka hamsini na muuzaji anakunywa chai kwenye kikombe cha udongo. Kati ya yote niliyotaja, mpenda magari mwenye hela kidogo ningempeleka huko kabla ya Goodwood. Nimezunguka saa nne, miguu imekufa, nikaona taa ya nyuma ya 404, ile ndefu inayokaa kwenye pezi la bodi. Nzima, kioo chekundu hakina ufa. Mzee wa watu alisema 40, nikampa 35. Jioni napiga simu nyumbani nimwambie baba mdogo nimepata taa ya gari la mzee, natuma na mtu anayekuja Desemba. Kimya. Halafu anasema, "Mwanangu, lile kopo tulishaliuza." Kwa watu wa chuma chakavu. Kwa kilo! Laki nne na nusu, na hakuna aliyeniuliza.

Baba mdogo, kama unaangalia, shikamoo. Sijakosa adabu. Lakini nasema.

Tuyaache. Kwa aliyeko huku tayari, asiye na hela, jibu langu ni moja: mbio za London kwenda Brighton, Jumapili ya kwanza ya Novemba. Siyo mbio za kushindana, ni kufika tu. Magari yote yametengenezwa kabla ya 1905, kilomita kama 96. Zamani sheria ya Uingereza ililazimisha mtu atembee kwa miguu mbele ya gari, na mwanzoni alibeba bendera nyekundu. Novemba 1896 sheria ikalegezwa, wenye magari wakasherehekea kwa kuendesha mpaka Brighton. Mpaka leo alfajiri wanachana bendera nyekundu ndipo waondoke. Kuangalia barabarani ni bure. Bure kabisa.

Mara ya kwanza nilisimama kwenye kilima nje ya mji, baridi inakata masikio. Likaja gari kama kiti cha mbao juu ya magurudumu ya baiskeli, babu anashika usukani, bibi pembeni kajifunika blanketi. Katikati ya mlima likakata pumzi. Tukajikuta watu sita tunalisukuma. Mimi nikashika pale pale ninapopajua, nyuma kulia, bega chini, na nikawaambia wenzangu kwa Kiswahili "moja, mbili, haya!" Wakaelewa. Lilipowaka lilinimwagia masizi koti zima, lile la paundi 45.

Mwaka huu nitakuwa kilima hicho hicho, upande wa kushoto ukiwa unaenda Brighton. Nina chupa ya chai ya tangawizi. Anayekuja aje na glavu, vyuma vile vina baridi.