Pomboo wa Mito na Nyavu Tunazozilaza Usiku
(Mhadhara kwa wavuvi na wachuuzi wa samaki, Kisumu)

Wazee wangu, akina mama, vijana wa ufuoni, asanteni kwa kuja. Mzee mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza: "Mwalimu, ziwa letu halina pomboo, hizi habari za pomboo wa mto wa Uchina zatuhusu nini?" Ni kweli, Victoria haina pomboo. Hata Nile haina. Pomboo wa maji baridi, yasiyo na chumvi, utawakuta kwenye mito kama Amazon, Ganges, Indus, Mekong. Lakini nyavu zinazowamaliza ni za nailoni kama hizi zetu. Nimelisema hili ufuo baada ya ufuo na leo nalirudia.

Niwaambie kisa cha fisi maji. Alfajiri moja pale ufuo wa Dunga nilikuwa namsaidia kijana kupandisha wavu wake wa ngege. Ulikuwa mzito, akafurahi. Kumbe ni fisi maji. Manyoya yamelala, nyuzi zimemwingia kwapani hadi kwenye nyama, na mdomoni bado ameuma kipande cha nailoni. Kijana akaniangalia: "Mnyama wa majini anakufaje maji?"

Swali hilo ndilo mhadhara wangu wote. Ninyi mnamjua kamongo, samaki yule mwenye mapafu, mnajua lazima apande juu kuvuta hewa. Pomboo ni hivyo hivyo. Ana mapafu, ananyonyesha, na ukimshika chini kwa dakika chache tu, amekufa maji.

Mto Yangtze kule Uchina ulikuwa na pomboo wake, baiji. Januari 1980 wavuvi walimpata dume mchanga mwenye majeraha ya ndoana. Akapelekwa Wuhan, akatibiwa, akaitwa Qi Qi. Aliishi bwawani humo zaidi ya miaka 22, akafa Julai 2002 bila kuacha mtoto. Mwishoni mwa 2006 wanasayansi wakaingia mtoni na meli mbili, wiki 6, wakishuka na kupanda, darubini juu, vinasa sauti majini. Hawakumwona hata mmoja. Na sikilizeni: hakuna aliyeamka asubuhi akasema leo naenda kummaliza baiji. Watu walitega kamba zenye ndoana mamia, wakitafuta samaki wa kula. Meli, mabwawa na uchafu vikaongezea.

Najua kuna anayesema moyoni, si pomboo husikia mwangwi, mbona asiukwepe wavu? Wa Ganges jicho lake halina hata lenzi, anapiga milio na kusikiliza inavyorudi; ndivyo anavyowinda kwenye maji ya tope. Lakini uzi mwembamba wa nailoni haurudishi mwangwi wa maana. Kwake pale pana maji matupu.

Na yule wa pili, nawasikia: "Basi tuache kuvua, watoto wale nini?" Hapana! Sijasema hivyo popote. Nasema tuache wavu wa uzi mmoja wa nailoni, huo ambao sheria ya Kenya imeukataza na bado tunaununua, na wavu unaolazwa jioni mwenyewe akaenda nyumbani. Kaa karibu na wavu wako, upitie usiku. Nyuzi kuukuu rudisheni nchi kavu, msizikatie ziwani.

Nilitaka kueleza mabwawa ya Indus yalivyowatenganisha pomboo makundi makundi, na joto la ziwa Tefé kule Brazili mwaka 2023, maji yakapita nyuzijoto 39 na pomboo zaidi ya 150 wakafa; lakini saa imenishinda. Hili moja tu: Uchina ilifunga uvuvi Yangtze kwa miaka 10 kuanzia Januari 2021. Na mtoni humo bado yupo mnyama mwingine. Nguva? Hapana mama, si nguva, ni jamaa wa pomboo asiye na mapezi mgongoni. Mwaka 2017 walihesabiwa 1,012, mwaka 2022 wakawa 1,249.

Maswali sasa. Mzee wa kofia kule nyuma, mkono wako nauona tangu nilipomtaja kamongo.