Simama Ndani ya Kona, Juu, Nyuma

Ndugu zangu mashabiki, Pearl of Africa Rally, rali yetu ya Uganda, mnaijua, na mnajua kwamba inahesabiwa katika ubingwa wa Afrika. Huko sitakaa. Nimeombwa nieleze namna ya kuifaidi wikendi nzima ya rali, na nitaanza na mahali pa kusimama, kama ninavyoanza kila mwaka, maana kila mwaka watu wanasimama palepale pabaya.

Gari likiingia kona kwa kasi kisha breki zikakataa au tairi likapasuka, halipindi. Linaendelea kulekule lilikokuwa limeelekea, yaani linatoka upande wa nje wa kona. Kwa hiyo upande wa nje si wa mtazamaji, hata kama pana kivuli kizuri na rafiki zako wote wako hapo. Mwisho wa barabara ndefu iliyonyooka ni hivyohivyo. Hapo ndipo dereva anapoanza kufunga breki, na akichelewa, njia yake ya kuponea ni pale ulipotandika jamvi lako.

Mtaniambia kwamba hata ndani ya kona gari hukatiza. Ni kweli. Dereva hupitisha gurudumu kwenye ukingo wa ndani ili apunguze mita mbili tatu. Likipanda jiwe au kisiki, gari linapinduka. Ndiyo maana sisemi ndani peke yake. Nasema ndani, juu, nyuma. Tafuta mahali greda ilipokata kilima, ukingo ukawa mrefu kuliko mtu. Panda hapo, kisha rudi nyuma hatua kumi na tano. Halafu geuka utazame mgongoni kwako. Kule Mbarara na Kiruhura, magharibi mwa Uganda, mashamba ya ng'ombe yamezungushiwa seng'enge. Mtu anasimama kati ya barabara na seng'enge, gari linamjia, naye hana pa kukimbilia. Vuka seng'enge kwanza, kwa ruhusa ya mwenye shamba, ndipo utazame.

Na wewe unayesema, "Nitaruka," sikiliza hesabu. Kilomita 108 kwa saa ni mita 30 kwa sekunde. Sekunde moja inaisha kabla hujaamini kwamba gari limekosea njia, ya pili inaisha unapogeuza miguu. Gari limekwisha kula mita 60. Na kama umenyanyua simu unapiga picha, ongeza sekunde nyingine, kwa sababu kwenye kioo cha simu gari huonekana liko mbali kuliko lilivyo. Hakuna mtu anayeruka! Wanaopona ni wale waliokuwa wamesimama vizuri tangu mwanzo.

Sasa vumbi. Kabla hujachagua upande, chukua mchanga kiganjani uuachie. Unakopeperuka usikae, la sivyo gari la kwanza likipita utakula moramu na la pili hutaliona. Magari huachiwa kwa kawaida kila baada ya dakika mbili, na vumbi likining'inia, muda huo huongezwa.

Chagua mkondo mmoja, yaani kipande kimoja cha barabara kinachokimbiwa kwa kupimwa muda, ubaki hapo. Najua kuna wanaotaka kukimbiza mikondo mitatu kwa bodaboda. Wanaishia kuona mikia ya magari na kufungiwa njiani, kwa sababu barabara hufungwa mapema sana kabla ya gari la kwanza la mashindano. Fika muda wa saa mbili kabla ya gari hilo. Utaona magari ya sifuri, yale ya waandaaji yanayokagua njia kabla ya mashindano, yakipita, sifuri tatu, sifuri mbili, kisha sifuri. Hilo la mwisho likipita, usivuke tena barabara kwa sababu yoyote.

Mkondo mmoja mara nyingi hukimbiwa mara mbili, na mara ya pili si barabara ileile. Asubuhi gari la kwanza ndilo linalofagia kokoto, linateleza, na wanaofuata wanapata ardhi ngumu iliyo safi. Mchana kona imechimbika mifereji, mawe yamefukuliwa. Chagua alama mbili, tuseme mti wa kuingilia na kichuguu cha kutokea, upime kila gari kwa saa ya simu. Tofauti ya nusu sekunde utaiona kwa macho, na utajua nani amefunga breki mapema na nani ameteleza upana kupita kiasi. Dereva wetu Susan Muwonge alitwaa ubingwa wa taifa wa rali 2011. Ushindi wa namna hiyo unajengwa kona kwa kona, wala mtu anayengoja magari yapinduke hauoni.

Eneo la huduma, pale mafundi wanapotengeneza magari kati ya mikondo, kwa haraka. Nendeni mchana, msingoje jioni. Simama karibu na kituo cha muda, pale saa ya kila gari kuingia inapoandikwa. Gari likichelewa kuingia linatozwa sekunde 10 kwa kila dakika, likiwahi linatozwa dakika nzima kwa kila dakika. Ndiyo maana unaona navigeta, msaidizi anayekaa kando ya dereva, ameganda na saa mkononi huku gari liko tayari. Msiingie kwenye turubai la mafundi, hasa gari likiwa juu ya jeki.

Maji ya kunywa, kofia, na kitambaa cha pua mnavijua. Mvua ikinyesha moramu inakuwa sabuni, basi ongeza umbali mara mbili.

Gari likikwama mbele yenu, msikimbilie kulisukuma. Tazameni kwanza kama pembetatu nyekundu imewekwa nyuma yake, na ngojeni marshali, msimamizi wa njia, aseme. Waliomo garini wakionyesha ubao wa OK, hawajaumia. Wakionyesha SOS, yaani wanaomba msaada, mwambieni marshali papo hapo, na msifunge njia ya gari la wagonjwa.

La mwisho, muda wangu umekwisha. Gari la kumi likipita, watu hushuka barabarani na bodaboda zinawashwa. Bado! Kuna waliocheleweshwa na pancha, nao wanakuja kwa kasi kufidia. Kaeni juu mpaka gari la kufunga mkondo lipite. Haya, maswali.