Jina Bila Taji

Mabibi na mabwana, nianze na mfalme. Oedipus, mfalme wa mji wa Thebes katika tanzia ya Kigiriki ya Sophocles, anapojitoboa macho, si nyumba yake peke yake inayotikisika. Tauni imekuwa ikiua watu wa Thebes kwa sababu ya kosa lake: bila kujua, alimuua baba yake na kumwoa mama yake. Ndiyo maana Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, alimtaka shujaa wa tanzia awe mtu mwenye sifa na neema kubwa: aangukaye kutoka juu huanguka kwa kishindo.

Mtu wa kawaida akianguka, nani husikia? Mwandishi Mjerumani Georg Büchner alifariki mwaka 1837 akiwa na miaka 23, akaacha bila kumaliza tamthilia ya Woyzeck, askari maskini anayemnyoa kapteni wake na kulishwa njegere tupu na daktari anayemfanyia majaribio. Jukwaa lilimpokea mwaka 1913. Miaka 76 mlangoni, jamani!

Lakini leo nataka tukae zaidi na Willy Loman, mtembeza bidhaa aliyezeeka, ambaye mwandishi Mmarekani Arthur Miller alimleta jukwaani New York mwaka 1949 katika tamthilia ya Death of a Salesman. Wapo wahakiki wanaomnyima ushujaa. Wanasema shujaa wa tanzia sharti mwishowe alitambue kosa lake, na Willy anakufa na ndoto zake zilezile za uongo. Kuhusu ndoto, wamesema kweli. Ila hebu kitazameni kile kisa cha ugomvi na mwanawe Biff. Kijana, amechoka kudanganywa, anamwambia baba yake kwamba wao wawili ni watu wa hivi hivi tu, wamejaa tele duniani. Mzee anafoka, anakataa, kisha anataja jina lake kamili na la mwanawe.

Mimi hapo ndipo ninapomwona shujaa. Mfalme ana taji, jeshi na ukoo wa kumtambulisha. Huyu amefukuzwa kazi, anaishi kwa kukopa kwa jirani, hana kingine cha kushika ila jina, naye yuko tayari kulifia. Ukaidi wake ni uleule wa Oedipus. Utambuzi anao Biff, na sisi tuliokaa vitini.

Kishindo, basi, kiko wapi? Kaburini wamefika watu watano tu, mjane wake Linda akiwa mmojawao. Oedipus alipofichuliwa, Thebes ilipata tumaini la kuondokewa na tauni. Hapa Linda anamwambia marehemu kwamba leo amelipa fungu la mwisho la mkopo wa nyumba, na nyumbani hapatakuwa na mtu.