Nimekuja Likizo Dar, Natengeneza Fremu ya Tela la Kulala Porini

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo hamnioni na lile koti zito. Mnaisikia hiyo grinda? Hapa ni Gerezani, Dar es Salaam, saa nne asubuhi, na jasho hili mnaloliona ni la nyumbani. Nimekuja likizo ya wiki sita kutoka Ohio, na wiki ya kwanza yote imeishia kwenye ua huu wa mafundi chuma. Hebu nigeuze kamera. Hiyo hapo chini, nyekundu, ndiyo fremu yenyewe.

Wengi mmeniuliza, dada, hilo tela la nini? Nianze na mama yangu. Mama ana miaka 68. Mikumi ameipita mara nyingi sana akienda Mbeya kwenye misiba na harusi, maana barabara kuu inaikata hifadhi kwa kilometa 50 hivi. Lakini siku zote ameipita akiwa dirishani kwenye basi. Twiga anamwona, akigeuka amwonyeshe jirani, basi limeshapita. Mwaka jana kwenye simu akaniambia, "Wanyama nimewaona mwanangu, ila mbio mbio." Neno hilo halijanitoka mpaka leo, nikaamua nimpeleke akalale huko huko Mikumi. Hema magoti yake hayaliwezi. Kulala chini sawa, shughuli ni kuinuka asubuhi. Na hoteli kwa siku nne, mimi na mama na kaka na wifi, ukipiga hesabu unafunga daftari.

Kule Marekani kuna tela dogo wanalolitengeneza wenyewe nyumbani. Ukilitazama kwa ubavu lina umbo la tone la maji, mbele duara, nyuma linashuka. Ndani ni godoro tu, watu wawili wanajinyoosha. Nyuma unainua mfuniko, unakuta jiko. Walianza nayo miaka ya 1930, wakati pesa ilikuwa ngumu kwao pia, na michoro ilitoka kwenye magazeti ya mafundi wa nyumbani. Baada ya Vita Kuu ya Pili kuna waliotumia mabaki ya jeshi, hata magurudumu ya jeep. Kwa hiyo tangu mwanzo hiki ni kitu cha watu wa kuunga unga, na ndiyo maana nikasema Dar tutakiweza. Mama na wifi watalala ndani, mimi na kaka tutakuwa na hema pembeni.

Sasa tuingie kazini. Siri ya vipimo vyote ni plaiwudi. Shiti moja ni futi 4 kwa futi 8, yaani milimita 1220 kwa 2440, Marekani na hapa ni ile ile. Ukiifanya fremu iwe na kipimo hicho, sakafu ni shiti moja bila kukata, bila kuunga, bila kipande cha kutupa. Nimeona watu wanajiongezea nusu futi kwa upana, halafu wanalazimika kununua shiti ya pili kwa ajili ya hiyo nusu futi. Jamani, msifanye hivyo.

Chuma nilichochagua ni paipu za mraba za inchi mbili kwa mbili, unene wa milimita 3. Zinauzwa kwa urefu wa mita 6. Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa mlioko Dar. Nenda na kalipa yako mwenyewe, kile kifaa cha kupimia unene. Nasogeza kamera muone... unaibana hapa kwenye mdomo wa paipu, kwenye unene wa ukuta wake. Dukani nilipoanzia niliambiwa ni 3, kalipa ikasoma 2 na kidogo. Kwa macho huwezi kutofautisha, na kwa geti la nyumba isingekuwa neno. Kwa fremu itakayorukaruka kilometa karibu 300 hadi Mikumi ni neno kubwa. Nikashukuru, nikaenda duka la pili.

Mchoro nilikuwa nao tangu Ohio. Mihimili miwili mirefu ya 2440, vipande sita vya kulala katikati yake vya 1120, halafu shingo, paipu mbili za mita 1.8 zinazokutana mbele kama V. Paipu ya kwanza nilikuwa nimeipangia mihimili yote miwili pamoja na kipande kimoja cha kati. Jumlisheni wenyewe: 2440 mara mbili ni 4880, ongeza 1120, ni 6000 kamili. Nikamwonyesha mzee wangu hapa, fundi ambaye amechomelea tangu mimi sijazaliwa. Akauangalia mchoro, akaweka kidole juu ya ile 6000, akasema, "Mwanangu, na diski inakula wapi?"

Diski ya grinda kila inapokata inakula milimita mbili, tatu. Mikato miwili na kusawazisha mdomo, kipande cha mwisho kinatoka kifupi, na kipande kifupi katikati ya mihimili miwili kinaivuta fremu ndani. Dawa ilikuwa rahisi: kipande cha sita tukakitoa kwenye paipu ya tatu, ambako shingo ilikuwa imebakiza zaidi ya mita mbili. Paipu tatu, kazi yote. Ila angekuwa fundi kijana mwenye haraka, tungekata, na paipu ikishakatwa hairudi.

Kabla ya kuchomelea moja kwa moja unashikiza kwanza. Tone la moto kila kona, basi. Halafu unavuta futi ya kupimia kutoka kona hadi kona, mshazari. Kwa fremu ya 2440 kwa 1220, mshazari unatakiwa kusoma 2728, huku na huku. Yetu ya kwanza ilisoma 2733 upande mmoja na 2723 upande mwingine. Sentimita moja ya tofauti, na jicho linakwambia ni mraba safi kabisa! Mzee hakusema kitu. Akachukua nyundo, akaweka kipande cha mbao kwenye kona ya mshazari mrefu, akagonga mara moja. Akanipa futi. Akagonga tena. Mara ya nne tukapata 2728 pande zote mbili, na mimi nikapiga kelele mpaka wauza chai wakageuka.

Ndipo akaanza kuchomelea, lakini si kwa mfuatano. Kona hii kidogo, anahamia kona ya mbali kabisa, anarudi. Chuma cha moto kinavuta kikipoa. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, fremu inajikunja kama chapati, na ile kazi ya futi yote imepotea. Katikati umeme ukakatika saa mbili nzima. Tukanywa chai.

Sasa ekseli, chuma kinachobeba magurudumu mawili. Hii ndiyo iliyokula pesa kuliko kitu chochote. Bajeti yangu ya fremu ilikuwa milioni moja ya shilingi, na karibu theluthi imekwenda hapa, wala sijuti. Tuliipata kwenye vipuri vilivyotumika, Ilala. Ni ekseli ya nyuma ya gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele. Ya namna hiyo haina difu, zile gia za katikati zinazozungusha magurudumu, ni bomba na hubu mbili tu za kufungia magurudumu. Nilitafuta hubu zenye matundu sawa na ya gari la kaka litakalovuta, ili spea moja itoshe gari na tela. Springi ni za Kirikuu, ile pikapu ndogo, tumetoa jani moja moja kila upande, kwa sababu tela letu tukishajenga kila kitu nataka lisizidi kilo 450. Springi ngumu kwenye mzigo mwepesi, tela linarukaruka barabarani kama mbuzi.

Ekseli inakaa wapi? Si katikati. Ukiiweka katikati, uzito ukaegemea nyuma, tela linaanza kuyumba kulia na kushoto ukifika mwendo, na likianza linaweza kulipindua gari. Kanuni wanayoifuata wengi ni asilimia 60 ya urefu wa boksi iwe mbele ya ekseli. Sisi ni sentimita 146 kutoka mbele. Halafu pua ya tela ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Kwa kilo 450 ni kati ya 45 na 67. Kupima huhitaji mashine. Chukua mzani wa kupimia watu, weka chini ya pua tela likiwa limelala sawa, soma. Na upime likiwa na mizigo ya safari, kwa sababu jiko liko nyuma. Dumu moja la maji la lita 20 likikaa mita moja nyuma ya ekseli yetu, linaipunguzia pua kilo 6 hadi 8. Madumu matatu na mtungi wa gesi, umeshaharibu hesabu yote. Kwa hiyo maji yetu yatakaa mbele, karibu na shingo, na nimeshamwambia mama.

Kitu cha mwisho ambacho sikukibania pesa ni hiki kikombe cha mbele kinachomeza tufe la chuma la nyuma ya gari. Nilikibeba kwenye sanduku kutoka Marekani. Angalieni namba iliyogongwa juu hapa... inchi 2. Inchi 2 ni milimita 50.8. Matufe mengi yanayouzwa sehemu nyingine za dunia ni ya 50. Tofauti haifiki milimita moja, kikombe kinakaa, kinafunga, unaridhika. Ukipiga tuta kwa nguvu, kinaweza kuruka. Kwa hiyo nimekuja na tufe lake pia, na chini ya shingo tumechomelea minyororo miwili inayopishana kama X. Shingo ikianguka, inaangukia kwenye minyororo badala ya lami. Ndugu zangu, kwenye rangi bania, kwenye mapambo bania, kwenye taa za urembo bania kabisa. Hapa toa pesa. Nyuma ya hilo tela kuna bodaboda, kuna daladala imejaa watoto wa shule.

Rangi ni redoksaidi, ile nyekundu ya kuzuia kutu, mikono miwili, na midomo yote ya paipu tumeiziba kwa vipande vya bati nene. Hewa ya bahari hapa Dar inakula chuma kuanzia ndani, usikokuona. Na risiti zote ziko kwenye bahasha moja, kwa sababu tela nalo linasajiliwa na lina namba yake. Kesho naenda Buguruni kutafuta plaiwudi.

Jana jioni kaka alimleta mama kuja kuona. Rangi ilikuwa imekauka. Akaizunguka fremu yote polepole, akaikanyaga kwa mguu mmoja, akakaa kwenye mhimili wa pembeni akiwa na mkoba wake mapajani. Akauliza mlango utakuwa wapi. Michoro mingi ya Marekani, mlango ukiwa mmoja, wanauweka kulia, kwa sababu kwao ukingo wa barabara uko kulia. Wetu nimeuhamisha. Nikamwonyesha kwa mkono: hapa mama, kushoto, ukifungua unashukia kwenye majani, malori yako upande ule.

Akasogea akakaa pale pale nilipomwonyesha.