Funguo za Krismasi: dereva mlevi akigonga mtu, nani hulipa?

Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni, asanteni. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie ajali za sikukuu na sheria, akaniomba pia nisiwahubirie. Basi pombe mtajuana nayo wenyewe. Mimi nitasema nani analipa.

Tuanze na funguo. Siku ya Krismasi jioni, hapa Mtwapa, shemeji yako amekuja kutoka Nairobi. Soda zimekwisha, nyama nayo inaelekea kwisha. Anakwambia, “Nipe gari nikimbie mara moja.” Macho yake mekundu, unayaona, lakini mgeni hanyimwi. Unamrushia funguo. Nusu saa haijapita, kwenye barabara ya Malindi, amemgonga mama anayetoka kanisani, na mama huyo akafariki.

Kwa jinai, kosa ni la shemeji. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamshika anayeendesha akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Akisababisha kifo, kifungu cha 46 kinafika miaka 10. Na wewe unayejilaza kwenye usukani nje ya baa, injini ikinguruma, usidhani umejificha. Sheria inamtaja pia mwenye kulisimamia gari, si lazima liwe linakwenda.

Ile alcoblow, kifaa cha polisi cha kupima pombe katika pumzi ya dereva, imewachanganya wengi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilizifuta kanuni zake za 2011, na kuna walioshangilia kana kwamba ulevi umehalalishwa. Hoja ya majaji ilikuwa kwamba sheria mama inauliza kama umeshindwa kulimudu gari, ilhali kanuni ziliadhibu kipimo kuzidi. Kifungu cha 44 chenyewe hakikuguswa.

Lakini jela ya shemeji hailishi watoto wa marehemu. Hao watafungua kesi ya madai, na hapo ndipo unapoitwa wewe. Wakili wao atatafuta usajili wa gari, kwa kuwa kifungu cha 8 kinamhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Wangapi hapa mmeuza Probox, mnunuzi akawaambia “uhamisho tutafanya baadaye”, mkakubali? Naona mikono haiinuki, ila nyuso nazisoma.

Je, kumpa mtu funguo kunatosha kukubebesha deni? Mwaka 1969 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema gari likidhuru mtu kwa uzembe, na pasiwe na ushahidi wa kupinga, huchukuliwa kwamba aliyeendesha ni mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa makosa yake. Dhana hiyo yaweza kuvunjwa. Kuna kesi ya Uingereza ya 1972 ambayo mawakili wetu huitaja hadi leo. Mume alichukua gari la mkewe akaenda kunywa. Alikuwa amemwahidi mkewe kwamba akizidiwa hatashika usukani, na kweli akampa rafiki yake aendeshe. Rafiki akagongesha, wote wawili wakafa, abiria wakaumia. Majaji wakasema mke halipi, kwa sababu yule rafiki hakuwa katika shughuli ya mke.

Sasa mrudie shemeji. Alikwenda kununua soda za nani? Za karamu yako! Hapo mimi, nikiwa wakili wa familia ya yule mama, nalala usingizi mnono.

“Bima ipo,” mtaniambia. Ipo. Ile ya lazima, ya kuwafidia wanaogongwa (third party), chini ya Sura ya 405, haimwachi aliyegongwa ati kwa kuwa dereva alilewa. Italipa, ila kikomo ni shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Hukumu ikiwa milioni 5, mbili zinatafutwa kwako, na kampuni nayo yaweza kukugeukia urudishe ilicholipa. Bodi iliyobondeka ni shauri lako: kipengele cha kutolipa dereva akilewa kiko katika zile kurasa za mkataba wa bima ambazo hakuna anayezisoma.

Kijana wa mlangoni ameniuliza, abiria je, waliokunywa naye meza moja? Watadai, lakini watakatwa. Uingereza, mwaka 1976, abiria aliyekunywa sambamba na dereva, painti nane au tisa kila mmoja, alipunguziwa fidia kwa asilimia 20 kwa kuingia gari lile. Mahakimu wetu wana uwezo uo huo wa kugawa lawama.

Yule mama hakunywa na mtu, kwa hiyo hilo halimhusu. Jamaa zake nawaambia hivi: chukueni abstrakti, yaani hati ya polisi yenye maelezo ya ajali, mapema, mjue bima ni ya kampuni gani. Kampuni inapaswa kupewa notisi kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 30 baada yake. Notisi ikikosekana, kampuni ina njia ya kukataa kulipa hukumu, nanyi mtabaki kumfukuza shemeji.