Kamba cheri: jinsi ya kuchagua wekundu, na kwa nini sichanganyi rangi

Mwangaluka wadau! Niko nyumbani Kirumba, Mwanza, na hili hapa ni tangi langu la lita 40. Hawa wekundu wanaotambaa juu ya sponji ni kamba cheri, kamba wadogo wa maji baridi wanaofugwa kwa urembo (kitaalamu Neocaridina davidi), asili yao Asia Mashariki. Swali ninaloulizwa kila siku: ukiweka wa bluu na wa njano pamoja, utapata wa kijani? Hupati. Nilijaribu, nikaishia na vikamba vya rangi ya maji ya mwaloni baada ya mvua. Sababu nitawapa, ila kwanza tuandae nyumba yao.

Maji ya bomba yakinge kwenye ndoo, yaache wazi siku nzima klorini itoke. Joto la Mwanza linawatosha, hita huhitaji. Tatizo letu ni kwamba maji ya Ziwa Victoria, ndiyo ya bomba letu, ni laini, yaani chokaa yake ni kidogo, na kamba akikosa chokaa anakwama anapojivua gamba. Mimi naweka ganda la yai lililochemshwa, kipande tu. Washa kichujio cha sponji, tia majani ya maji, usubiri mwezi mzima kabla ya kuingiza kamba. Na dawa ya mbu ya kupuliza isiingie chumba hicho kabisa! Mpulizo mmoja unaweza kumaliza tangi zima.

Ingiza kamba 15 hivi, wote wa rangi moja. Chakula ni mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto. Mabaki toa asubuhi.

Sasa nasogeza kamera. Huyu mnene, tumbo limeteremka, ni jike. Hivyo vipunje chini ya mkia ni mayai. Hukaa nayo wiki tatu hadi nne, na vitoto vikitoka tayari vina umbo la kamba mkubwa. Huyu mwembamba aliyepauka ni dume.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanachuja wa kubaki na wa kutolewa kwa kutazama wekundu tu, mwishowe wametoa madume karibu yote. Dume mlinganishe na dume mwenzake, jike na jike.

Subiri watoto wafike miezi miwili au mitatu, kisha mteke mmoja mmoja kwa kijiko cheupe. Kwenye mchanga mweusi kila kamba anapendeza, kijiko kinasema ukweli. Usimkawize lakini, akishtuka anapauka. Angalieni huyu: mgongo mwekundu vizuri, ila miguu inaonyesha ng'ambo. Anahamia tangi la pili. Na huyu? Mpaka miguu imeshiba rangi. Anabaki, huyu ndiye mama. Rudia hivyo kila kizazi.

Turudi kwenye kuchanganya. Kamba wa porini ni wa kahawia, karibu uone ndani yake. Wafugaji walipata wekundu, bluu na njano kwa kuchagua vizazi na vizazi, na kila ukoo ukapoteza sehemu fulani ya rangi ile ya zamani. Ukiwaoanisha wa koo mbili, baba anarudisha alichopoteza mama, na mama vivyo hivyo. Ndiyo maana mara nyingi watoto wanarudi kahawia. Kwa hiyo rangi moja, tangi moja. Neti ukiitoa kwa wa bluu, ikague kwanza. Kitoto kimoja kilichonasa kinatosha kukuharibia.

Waliochujwa wape marafiki, au wafanye chakula cha samaki wako. Ziwani usiwamwage, hata kama pale pana kamba wetu wadogo, Caridina nilotica. Sangara naye aliletwa, akawala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa letu, na yaliyowakuta wavuvi wanayajua.

Huyu mama namrudisha sasa. Ona alivyokimbilia chini ya majani.